Maisha ya J. A. Hunter: Mwindaji wa Makueni na Uzito wa Risasi

Utangulizi

Jina la Hunter si geni kwa msafiri aliyezoea kupita barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Mombasa. Pale Kiboko, katika Kaunti ya Makueni, yapata kilomita 160 kutoka Nairobi, kuna mahali penye chemchemi na miti mirefu ya migunga ambapo nyumba ya wageni ilibeba jina hilo kwa miaka mingi. Wapo wanaodhani kwamba nyumba hiyo iliitwa hivyo kwa sababu wawindaji walikuwa wakipumzika hapo, maana neno lenyewe kwa Kiingereza lina maana ya mwindaji. Ukweli ni kwamba Hunter lilikuwa jina la ukoo la mtu aliyeijenga. Kwa sadfa ya ajabu, mtu huyo aliishi maisha yake yote kwa kufanya kile ambacho jina lake lilitamka.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya John Alexander Hunter, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1887 na kufariki mwaka 1963 akiwa mkazi wa Ukambani. Hata hivyo, makala hayataishia katika kuorodhesha miaka na matukio. Tutayatazama maisha yake kupitia chombo kilichomlisha, yaani bunduki, na hasa kupitia tofauti baina ya bunduki nyepesi inayompa mtu raha na bunduki nzito inayompa mtu kazi. Ni matumaini yetu kuwa msomaji ataona jinsi tofauti hiyo, ambayo huonekana kuwa jambo dogo la mafundi wa silaha, inavyoweza kutusaidia kuelewa kilichotokea Makueni kati ya mwaka 1944 na 1946. Aidha, tutagusia nafasi ya Wakamba wenyewe, ambao walikuwa wawindaji mashuhuri kabla Hunter hajazaliwa.

Kuzaliwa na Malezi

Hunter alizaliwa Shearington, karibu na mji wa Dumfries, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mkulima. Nyumba yao haikuwa mbali na mabwawa na ufuo wa Solway, mahali ambapo makundi makubwa ya mabata bukini hutua wakati wa majira ya baridi. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hakuhitaji kufundishwa kuwinda. Alijifunza mapema kuitumia bunduki ya marisau ya baba yake, kuvizia ndege alfajiri, na kurudi nyumbani na kitoweo, wakati mwingine pasipo idhini ya wenye mashamba.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linajirudia katika maisha yake yote. Mapenzi ya Hunter kwa bunduki hayakuanzia kwa tembo wala kwa simba. Yalianzia kwa ndege. Bunduki ya marisau hupigwa bila kuumiza bega sana. Mlio wake hupita upesi, na mpigaji hubaki na utulivu wa kutosha kufurahia ukungu, maji na mruko wa ndege. Mtu akipiga asipate, hapana hatari. Ndege huenda zake na kijana hucheka. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza, nayo ilikuwa shule ya raha.

Mnamo 1908, akiwa kijana wa miaka 21 hivi, wazazi wake walimpeleka Afrika Mashariki kwa jamaa aliyekuwa na shamba. Hakudumu hapo. Tabia ya jamaa huyo ilimchukiza, akaondoka na kutafuta riziki kwingine. Kazi aliyoipata ilikuwa ya gadi wa garimoshi katika reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Reli na Bunduki Nyepesi

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Sehemu yake kubwa inapita katika nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud hadi Kima. Nchi hiyo ilikuwa na sifa ya kuogofya. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua wafanyakazi wa reli hadi ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda. Mwezi Juni 1900, pale Kima, simba aliingia katika behewa na kumburura nje afisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall, ambaye alikuwa ameketi humo kumvizia simba huyo huyo. Ama kweli, mwindaji huweza kuwa mawindo.

Ndiyo sababu gadi mwenye bunduki hakuwa kitu cha kushangaza. Hunter alikuwa na bunduki aina ya Mauser ya kipimo cha .275, iliyokuwa nyepesi na yenye shabaha njema. Kwa maelewano na dereva, garimoshi liliweza kusimamishwa palipoonekana simba au chui karibu na njia, naye akapiga. Punde si punde aligundua kwamba ngozi zina soko, na kwamba mapato ya ngozi yanaushinda mshahara wa gadi. Hapo ndipo mchezo wa ujanani ulipoanza kugeuka kuwa biashara.

Bunduki ya .275 hurusha kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 9 hadi 11 tu. Teke lake ni dogo. Mskoti mwenziwe, W. D. M. Bell, ambaye naye alifika katika reli hii akiwa kijana mdogo sana kabla ya kuwa mwindaji mashuhuri wa tembo huko Karamoja, aliijengea bunduki ya namna hiyo sifa kubwa. Bell aliwaangusha tembo wengi kwa kipimo hicho hicho, akiamini kwamba mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko uzito wake. Hunter, kama tutakavyoona, alikuja kushika msimamo ulio kinyume.

Wenzo wa Roosevelt na Raha ya Risasi Hafifu

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya Hunter, alipita katika reli hiyo mgeni aliyejulikana duniani kote. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909. Alisafiri kwenda bara akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ya garimoshi, huku akiwatazama wanyama wa nchi ya Ukambani wakikimbia pande zote mbili za reli. Alishukia Kapiti na kuanza safari yake ya kuwinda. Hadi ilipokwisha mwaka 1910, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wamewapiga wanyama 512.

Miongoni mwa silaha za Roosevelt ilikuwamo Winchester ya muundo wa 1895, kipimo cha .405. Hii ni bunduki ya wenzo. Chini yake, mahali panapolindwa kifyatulio, pana mkono wa chuma. Mpigaji akiusukuma mbele, ganda tupu huruka nje. Akiurudisha, risasi mpya huingia chemba. Anayejua kuitumia hahitaji kuishusha bunduki begani. Bunduki nyingi za wenzo zilizotangulia zilipanga risasi moja nyuma ya nyingine ndani ya mrija ulio chini ya mtutu, na kwa sababu hiyo vichwa vya risasi vilitakiwa kuwa butu, ili ncha ya mmoja isije ikaigonga fataki ya mwenzake aliye mbele. Muundo wa 1895 uliondoa tatizo hilo kwa kuweka sanduku la risasi. Roosevelt aliisifu mno bunduki hiyo kwa simba, na kipimo cha .405 kilikuwa kizito kwa kweli: kichwa cha risasi yake kina gramu 19.

Lakini bunduki ya wenzo ilikuwa na upande mwingine, nao ndio unaotuhusu hapa. Huko Marekani, tangu karne ya 19, wenye bunduki hizi walizoea kujijazia risasi wenyewe. Viwanda viliuza vifaa vya kazi hiyo. Mtu aliokota maganda aliyokwisha kuyapiga, akatoa fataki iliyokufa na kutia mpya, akapima baruti kwa kijiko, kisha akabana juu yake kichwa cha risasi alichokisubu nyumbani. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa mkononi mwake, aliweza kukipunguza. Risasi hafifu ya namna hiyo haichomi mtutu, hailipuki kwa kishindo, na haiachi bega na jeraha. Mtu hupiga risasi 50 jioni moja akiilenga kopo, na kuondoka akiwa ametulia. Hata hivyo, upunguzaji huo una mipaka: baruti ikiwa kidogo kupita kiasi, kichwa cha risasi hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata huweza kuupasua. Raha nayo inataka adabu.

Tunaweza kusema, basi, kwamba risasi hafifu ni bunduki iliyonyang'anywa ghadhabu yake. Mpigaji anabaki na sehemu ile tu iliyomvutia alipokuwa mtoto: jicho, pumzi, kidole na shabaha.

Upinde wa Wakamba

Msomaji anaweza kuuliza: mambo haya ya Marekani na Uskoti yanawahusu vipi watu wa Kitui na Makueni? Jibu ni kwamba Wakamba waliijua tofauti hii zamani, ila waliijua kwa upinde.

Uhodari wa Wakamba katika kurusha mishale unajulikana katika historia ya Afrika Mashariki. Mtoto alianza kwa upinde mdogo na mshale wa mti mtupu. Aliutumia kuwapiga ndege na panya, na kushindana na wenzake. Mshale huo ulikuwa wa kujifunzia, wa kuchezea na wa kitoweo kidogo. Mtu mzima, kwa upande mwingine, alibeba podoni mishale yenye ncha ya chuma iliyopakwa sumu ya msunguti. Sumu hiyo huusimamisha moyo wa mnyama, na hata tembo hakuweza kuistahimili. Kwa kuwa ilikuwa hatari kwa kila mtu, ncha zilifungwa kwa ngozi hadi saa ya kutumiwa ilipofika. Hakuna aliyeuchezea mshale wa sumu.

Kwa hiyo podo la Mkamba lilikuwa na daraja mbili za mishale, na kila daraja ilikuwa na nidhamu yake. Mshale mwepesi uliruhusu raha na makosa. Mshale wa sumu ulikuwa wa kazi nzito, na kazi hiyo ilijenga uchumi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi pwani. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alikuwa mwenyeji wa Johann Ludwig Krapf, yule yule ambaye wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Ni katika safari ya Kitui, mwezi Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika msafara aliokuwa pamoja na Krapf karibu na mto Tana. Hayo yote yalitukia zaidi ya nusu karne kabla Hunter hajakanyaga Mombasa. Uwindaji wa Ukambani ulikuwa na wenyewe.

Kutoka Raha hadi Kazi

Baada ya kuacha reli Hunter alikuwa mwindaji wa kulipwa, yaani mtu anayewaongoza matajiri katika safari za kuwinda. Alimwoa Hilda Banbury, binti wa mwenye duka la ala za muziki mjini Nairobi, wakajaliwa watoto. Aliwaongoza wageni wake mbali, ikiwa ni pamoja na bonde la Ngorongoro katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Katika miaka ya 1920, idara ya wanyamapori ilimtuma Umasaini, ambako simba walikuwa wakishambulia mifugo. Katika muda wa miezi mitatu aliwaua simba zaidi ya 80.

Tukio hilo ni daraja kati ya Hunter wa kwanza na Hunter wa pili. Mwindaji wa starehe huchagua mnyama, siku na mahali. Akichoka, hurudi kambini. Aliyetumwa kudhibiti wanyama hana chaguo hilo. Anapewa eneo na lengo, na hesabu inasomwa ofisini.

Mabadiliko ya kazi yalibadili pia bunduki. Hunter aliyekomaa alipendelea bunduki ya mitutu miwili ya kipimo cha .500, yenye uzito wa zaidi ya kilo 4.5. Kichwa cha risasi yake kina gramu 37 hivi, zaidi ya mara tatu ya kile cha .275 ya ujana wake. Bunduki kama hiyo haiwezi kuitwa ya kupendeza kupiga. Teke lake humsukuma mtu mzima nyuma. Lakini kwa mtu aliye katika kichaka kinene, ambapo mnyama wa tani moja hutokea hatua chache mbele yake, uzito huo ndio uhai. Bell aliwinda tembo mahali ambapo aliweza kuchagua pa kupiga. Hunter alikuja kufanya kazi mahali ambapo mnyama ndiye aliyechagua. Kwa sababu hiyo, ubishi wa wawili hao kuhusu risasi nyepesi na nzito hauna mshindi; kila mmoja aliijibu ardhi aliyokuwa amesimama juu yake.

Vifaru wa Makueni

Ili kuelewa kilichotokea Makueni, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Wakamba katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa imemomonyoka vibaya. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri iliyowazunguka ilikuwa imetwaliwa kwa walowezi, na watu na mifugo walisongamana katika hifadhi waliyotengewa. Serikali ya kikoloni iliamua kwamba tatizo ni wingi wa mifugo, na mwaka 1938 ikaanza kuitwaa kwa nguvu na kuiuza. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa maelfu hadi Nairobi na kukaa huko hadi sera hiyo ikalegezwa. Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu.

Baada ya hapo serikali ilitafuta njia nyingine, nayo ilikuwa kuwahamishia baadhi ya watu katika nyika ya Makueni. Nyika hiyo ilikuwa na vikwazo: maji machache, mbung'o waletao maradhi ya mifugo, na vichaka vizito vilivyojaa vifaru weusi. Haikuwezekana kuwapeleka watu wakafyeke vichaka huku vifaru wamo. Hunter, akiwa na umri wa miaka 57, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaondoa.

Kazi ilianza tarehe 29 Agosti 1944. Hadi tarehe 31 Oktoba 1946, idadi ya vifaru waliouawa, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ilikuwa 996. Tukigawanya kwa siku, tunapata zaidi ya kifaru mmoja kila siku kwa miaka miwili na ushei. Idadi hiyo inatisha zaidi tukizingatia kwamba kifaru mweusi hubeba mimba kwa takriban miezi 15, na huzaa ndama mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena.

Hunter hakuifanya kazi hiyo peke yake. Wakamba waliojua kusoma nyayo ndio waliotangulia kichakani. Wao waliweza kujua kutokana na jani lililokunjika au kinyesi kibichi kama mnyama yuko umbali wa saa moja au wa hatua kumi. Mara nyingi kifaru hakuonekana hadi alipokwisha kuwajia mbio, na hapo ilibaki nafasi ya risasi moja au mbili. Mnyama alipoanguka, watu wa vijiji vya karibu walifika na visu, na kwa muda mfupi nyama yote ilikuwa imegawanywa. Katika nchi ya ukame, hicho hakikuwa kitu kidogo.

Katika maandishi yake ya baadaye, Hunter alijiuliza kama ilistahili kuwamaliza viumbe wa ajabu namna ile ili kuongeza eka chache za kulima kwa watu wanaozidi kuongezeka. Swali hilo limemjengea sifa ya mtu mwenye dhamiri, nasi hatuna sababu ya kutilia shaka huzuni yake. Hata hivyo, swali lenyewe lina kasoro. Linawaweka kifaru na mkulima Mkamba katika mizani moja, kana kwamba ni wawili hao tu waliokuwa wakishindania ardhi. Upande wa tatu, yaani mashamba makubwa yaliyokuwa yametwaliwa awali, haumo katika mizani. Kifaru alilipa deni ambalo hakulikopa, na mkulima akaambiwa kuwa deni ni lake.

Sheria na Mwenye Silaha

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kupitwa kimya. Wakati ule ule ambapo serikali ilikuwa ikimlipa mtu mmoja kuwaua vifaru karibu elfu moja, Mkamba aliyeua mnyama kwa mshale alihesabiwa kuwa jangili. Sheria za wanyamapori zilidai leseni, na leseni zilitungwa kwa ajili ya wenye fedha na bunduki. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, ikipakana na Kitui na Makueni. Mnamo 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa dhidi ya ujangili katika eneo hilo, na wawindaji wengi wa Kikamba na Kiliangulu walitiwa mbaroni, mishale yao ikiwa ushahidi dhidi yao.

Linganisha hayo na vijana wa Ukambani waliojiunga na jeshi la King's African Rifles. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu walioandikishwa kwa wingi sana katika jeshi hilo, na katika Vita Vikuu vya Pili wapo waliopelekwa hadi Burma. Walirudi nyumbani kati ya 1945 na 1946, wakati milio ya bunduki ya Hunter ikisikika Makueni. Waliaminiwa kubeba bunduki kwa ajili ya dola ng'ambo ya bahari, lakini hawakuaminiwa kuibeba katika nyika ya baba zao. Raha ya kupiga shabaha kwa bunduki, ile raha nyepesi tuliyoieleza hapo juu, ilikuwa ya watu wachache. Kwa wengine silaha ilikuwa ama amri ya jeshi ama kosa la jinai.

Kutoka Bunduki hadi Kalamu

Kwa mwanafunzi wa fasihi, Hunter ana umuhimu mwingine. Alikuwa mwandishi wa tawasifu. Kitabu chake kilichouzwa sana, kilichobeba jina lake mwenyewe, kilitoka mwaka 1952 na kusomwa katika nchi nyingi. Alishirikiana pia na Mmarekani Daniel Mannix kuandika habari za watu wa mwanzo wa enzi ya ukoloni. Filamu iliyotolewa mwaka 1959 kuhusu Kilimanjaro ilitokana na uandishi wao.

Tawasifu ya mwindaji ina muundo wake: shujaa huingia porini, hukabili hatari, huokolewa na ustadi wake, hurudi na nyara. Ni muundo unaokaribiana na ule wa tendi zetu za kishujaa. Liyongo wa pwani naye alikuwa bingwa wa upinde. Tofauti ni kwamba utendi wa Liyongo unamalizikia katika kifo cha shujaa na kilio cha mji mzima, kwa hivyo jamii ndiyo inayobaki na usemi wa mwisho. Katika tawasifu ya mwindaji, aliyeshika bunduki ndiye pia aliyeshika kalamu. Wasoma nyayo wa Kikamba wamo kama wasaidizi, hawasimulii. Hatujui waliwasimulia nini wake na watoto wao jioni walizorudi na nyama. Hilo ni pengo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi kutoka Kitui na Makueni wangeweza kulifanyia kazi, maana wajukuu wa watu hao wako hai.

Kiboko na Miaka ya Mwisho

Baada ya kustaafu, Hunter hakurudi Uskoti. Alijenga nyumba yake ya wageni pale Kiboko mwishoni mwa miaka ya 1950, kando ya maji. Mahali hapo palijaa ndege, na panafanana, kwa namna moja, na mabwawa ya utotoni mwake. Mtu aliyeanza kwa mabata bukini wa Solway alimalizia siku zake akiwa amezungukwa na ndege wa Makueni. Alifariki mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru.

Nchi aliyoiacha ilibadilika haraka. Mwezi Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Wakati huo vifaru weusi, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi nchini Kenya karibu na mwaka 1970, walikuwa tayari wakiteketezwa na majangili wa pembe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Ni haki kukiri kwamba si risasi za Hunter zilizoleta maangamizi hayo. Biashara ya pembe ndiyo iliyoyaleta. Lakini vifaru wa Makueni walikuwa wamekwisha toweka kabla. Hifadhi ya vifaru ya Ngulia, iliyoanzishwa mwaka 1986 ndani ya Tsavo Magharibi, imesaidia kuwarudisha baadhi yao katika ukanda huo. Katika miaka ya 2020 idadi ya vifaru weusi nchini imevuka 900. Yaani, nchi nzima, baada ya juhudi za miongo kadhaa, imefikia takriban idadi ile iliyouawa Makueni kwa miezi 26.

Kwa upande mwingine, Makueni yenyewe ilipata watu. Walioingia humo walipewa masharti makali ya kilimo na mifugo, wakaanza kwa shida, lakini walikaa. Leo kaunti hiyo inajulikana kwa maembe na machungwa yake. Anayekula embe la Makueni anakula tunda la historia hiyo yote, awe anajua au hajui.

Hitimisho

Katika makala haya tumeyatazama maisha ya J. A. Hunter kwa kufuata uzito wa risasi zake: marisau ya utotoni, .275 ya reli, na .500 ya Makueni. Kadiri risasi ilivyozidi kuwa nzito, ndivyo raha ilivyopungua na hesabu ilivyoongezeka. Tumeona pia kwamba wapigaji wa bunduki za wenzo, kwa kupunguza baruti, na watoto wa Kikamba, kwa kuchonga mishale isiyo na sumu, waligundua jambo moja: furaha ya kulenga haihitaji kuua kitu kikubwa, wala haihitaji kuua kitu chochote.

Hatukusudii kumhukumu Hunter kana kwamba yeye ndiye aliyepanga sera za ardhi. Alikuwa mtumishi hodari wa sera hizo. Wala hatukusudii kumtukuza kwa idadi ya nyara zake, jambo ambalo limefanywa vya kutosha na wengine. Tunachopendekeza ni kwamba asomwe pamoja na Kivoi, pamoja na Muindi Mbingu, pamoja na wasoma nyayo wasio na vitabu na askari waliorudi kutoka Burma. Akisomwa peke yake, yeye ni shujaa wa porini. Akisomwa pamoja nao, anakuwa shahidi wa jinsi nchi ya Makueni ilivyopatikana, na kwa gharama ya nani.